Picha ya Siku Ile

Mwezi wa saba Moshi haina kivuli.
Wingu limeteremka tangu usiku, limeikalia Uru
kama chandarua kilichosahauliwa kufungwa,
na wageni hotelini wananung'unika:
mlima uko wapi, sisi tumelipia mlima.
Mimi natia betri kwenye kamera, nawasha pikipiki.
Hii ndiyo siku yangu.

Jua la saa sita nalijua, tulishakosana.
Liliniharibia maharusi wangu wa kwanza, kule Majengo:
macho yakawa mashimo,
pua ikachora mstari mweusi hadi mdomoni,
shela ikaungua, ikabaki karatasi tupu.
Bwana harusi alizitazama zile picha muda mrefu,
kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa huyu ni nani?"
Tangu hapo nalisubiri wingu kama mkulima.

Mama Ndeanasia alinipigia simu Jumapili, baada ya ibada.
"Njoo unipige picha ya siku ile."
Siku ipi, mama?
"Siku ile. Usijifanye hujui.
Mume wangu tulimzika kwa picha ya kitambulisho,
waliikuza mpaka akafanana na mtu anayetafutwa na polisi.
Mimi sitaki hivyo."

Nilimkuta amevaa kitenge cha kijani na skafu nyeupe,
kiti kimeshawekwa mbele ya ukuta uliopakwa rangi juzi.
Nikakibeba kiti. Nikakipeleka kihambani,
pale kahawa inapoishia na mfereji unapokata kona.
Lakini si chini ya migomba kabisa:
huko majani humpaka mtu ukijani usoni
akatoka kama mgonjwa wa nyongo.
Ukingoni. Mahali mwanga unapoingilia ubavuni,
taratibu,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Mjukuu wake, Aminieli, nilimkabidhi kiroba cha unga
nilichokipasua, upande mweupe ukiwa nje.
Shika hapa, chini ya kidevu cha bibi, usitikisike.
Mwanga ukagonga kiroba, ukarudi,
ukaingia kwenye mikunjo bila kuifuta.
Mkunjo mmoja, kando ya jicho la kushoto,
ulikuwa mrefu kuliko wenziwe.
"Huo ni wa kuchagua buni," akasema,
maana aliniona nauangalia.

"Nicheke au nisicheke?"
Upendavyo, mama.
"Nikicheka watasema nilifurahi kuwaacha.
Nikinuna watasema nawadai."
Akakaza midomo. Nikapiga.
Nikasogea hatua moja, nikapiga tena.
Ndipo jogoo alipomrukia Aminieli mgongoni,
kiroba upande mmoja, mtoto upande mwingine,
na mama akaangua kicheko, kicheko cha mapengo mawili,
mkono ukachelewa kufika mdomoni.
Kidole changu hakikuchelewa.

Tulizitazama kwenye kioo kidogo, vichwa vimegusana.
Alinukia sabuni na moshi wa kuni.
Akachagua ya kununa.
"Hii ndiyo ya siku ile. Acha walie kidogo."
Akairudia ya kicheko. Akanyamaza.
Mfereji ukasikika.
Na hii je, mama? Niifute?
"Ufute nini! Ichape kubwa, uilete Ijumaa.
Hiyo ni yangu mwenyewe, niitazame ningali hai."

Alinilipa nusu fedha, nusu mkungu wa ndizi.
Niliufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, nikateremka.
Karibu na Kiborloni wingu likapasuka,
mlima ukatoka wote, bila aibu,
na huko hotelini nadhani watu walikimbilia roshani.
Jua likaangukia ndizi, likaangukia shingo yangu,
kivuli kikachorwa lamini mbele yangu, cheusi, chenye ncha:
mtu, pikipiki, na mkungu kama nundu.
Sikusimama.
Kifuniko cha lenzi kilikuwa kimeshafungwa.